Hitilafu nne kwenye daftari, waya mmoja kwenye injini

Daftari la hitilafu la ndege lilikuwa na mistari minne. Redio zote mbili hazitumi sauti. Geji za mafuta, kushoto na kulia, zinasoma tupu. Geji ya joto la oili imekufa. Flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, hazishuki. Chini kabisa, pengine kwa kuwa hakujua aiweke wapi, mwanafunzi alikuwa ameongeza maneno matatu: "Injini haina tatizo."

Fundi mwenye haraka angeanza kuagiza vipuri. Redio ipelekwe kwa mtu wa redio, vipimo vya tangi vifunguliwe, mota ya flapu ishushwe. Mimi nilirudia kuusoma ule mstari wa mwisho, nikafunga daftari. Vitu vinne vya mifumo tofauti havifi pamoja ndani ya robo saa halafu injini ikaendelea kunguruma vizuri. Hapo unatafuta kitu kimoja ambacho vyote vinne vinakitegemea na injini haikitegemei.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wanafunzi wengi wa urubani ninaokutana nao hanga wanaijua ndege yao kwa majina ya vifaa. Ukiwauliza magneto ni nini, watakujibu. Ukiwauliza geji ya joto la oili inapata wapi nguvu ya kusogeza mshale wake, kimya. Shule na majina ya wahusika nayaacha, hayaongezi kitu.

Safari yenyewe

Ndege ni Cessna 172P, bawa juu, viti vinne, injini ya Lycoming O-320 ya silinda nne yenye nguvu farasi 160. Matoleo ya P yalitoka kiwandani kati ya 1981 na 1986, kwa hiyo kila utakayokutana nayo leo imepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha alama yake, nzuri au mbaya.

Mwanafunzi alikuwa peke yake, safari ya mazoezi ya Dar es Salaam kwenda Tanga na kurudi, akifuata pwani. Kwenda hakukuwa na jambo. Pale Tanga alizima, akanywa maji, akapanda juu ya bawa na kijiti cha kupimia mafuta akakuta karibu lita 110 kwa matangi yote mawili, akaandika kwenye karatasi yake ya pajani. Kitendo hicho kidogo ndicho kilichomwokoa baadaye, na nitakirudia.

Aliruka Tanga saa 8:05 mchana. Akapanda hadi futi 3,500, Pangani ikapita chini yake, hali ya hewa safi. Kwenye saa 8:30 hivi alitaka kuita. Alipobonyeza kitufe cha kuongea, namba za redio zilififia hadi zikakaribia kupotea; alipoachia, zikarudi. Akajaribu redio ya pili, ikawa vilevile. Hakusikia jibu. Akadhani kipaza sauti kimelegea, akachomoa na kuchomeka, akabadilisha masafa. Dakika zikaenda hapo.

Karibu na Saadani akaangalia geji za mafuta. Zote mbili zimelala kwenye E, yaani tupu.

Alichofanya baada ya hapo wengine wamemcheka. Mimi simcheki. Aliamini kwamba mafuta yanavuja, na rubani anayeamini hivyo anatakiwa atue injini ikiwa bado inafanya kazi, asisubiri izime. Saadani kuna kiwanja kidogo cha hifadhi. Akapunguza nguvu, akaanza kushuka, akaingia kona ya kushoto ili akiangalie kiwanja kama kuna wanyama.

Ni katika kona hiyo ndipo alipoona kitu ambacho, kwa maneno yake, "hakikuingia akilini." Mbele ya rubani kuna geji mbili zinazoonyesha ndege imelala upande. Moja ni upeo bandia, ile yenye rangi ya buluu juu na kahawia chini. Nyingine ina picha ya kindege kidogo na mpira chini yake, nayo huonyesha kasi ya kugeuka. Upeo bandia ulilala kushoto kama kawaida. Kindege cha ile nyingine kilibaki kimesimama wima, hakikutikisika.

Akaitoa ndege kwenye kona. Akaangalia tena: geji ya joto la oili nayo iko chini kabisa, lakini shinikizo la oili liko katikati ya kijani. Kipima mizunguko kinasoma 2,300 bila kuyumba. Tangi likivuja, linawezaje kupoza oili?

Nini kinaishi kwa nini

Hapa lazima niiache ndege hewani kidogo.

Wengi wetu umeme tunaujulia kwenye gari, na gari la siku hizi betri ikiisha barabarani nalo linazima, kwa sababu cheche, pampu ya mafuta na kompyuta vyote vinakula umeme huohuo. Mwanafunzi anapanda ndege na imani hiyo. Redio zikianza kufifia, moyo wake unamwambia injini inafuata.

Injini ya 172 haiombi betri kitu baada ya kuwaka. Cheche zinatoka kwenye magneto mbili, na magneto ni jenereta ndogo yenye sumaku ndani inayozungushwa na gia za injini yenyewe. Injini ikizunguka, sumaku inazunguka, cheche inapatikana. Kila silinda ina plagi mbili, moja ya magneto hii na moja ya ile, jumla plagi nane. Ufunguo wa dashibodi hauzipi magneto umeme. Kazi yake ni kuzifunga mdomo. Ukiuweka kwenye kuzima, waya fulani unaugusisha umeme wa magneto na bodi ya injini ili usifike kwenye plagi. Waya huo ukikatika, magneto hubaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Ndiyo maana mafundi hatuzungushi rafadha (panga la mbele) ya ndege iliyoegeshwa kwa mazoea ya kwamba "imezimwa."

Mafuta nayo hayahitaji umeme. Matangi yako ndani ya mabawa, juu ya kichwa cha rubani. Mafuta yanateremka kwa uzito wake, yanapita kwenye kishikio cha kuchagulia tangi, yanachujwa, yanaingia kwenye kabureta. Kwenye aina hii yenye kabureta hakuna pampu ya mafuta hata moja njiani.

Sasa upande wa umeme. Alterneta ya ampea 60 inazungushwa na mkanda kutoka mbele ya injini. Inalisha mfumo wa volti 28 na kuchaji betri ya volti 24 iliyofungwa upande wa injini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Lakini alterneta haianzi yenyewe. Ndani yake kuna koili inayozunguka, na ili koili hiyo iwe sumaku lazima ipelekewe umeme kidogo kwa waya mwembamba ambao mafundi tunauita waya wa fildi. Waya huo unapita kwenye kidhibiti, na kidhibiti ndicho kinachoamua alterneta itoe kiasi gani. Ukikata waya wa fildi, mkanda utazunguka, alterneta itazunguka, na hakutatoka kitu.

Alterneta ikikosa kutoa, betri inabeba mzigo wote peke yake bila kumwambia mtu kwa sauti. Betri ya ndege hizi ni ndogo, kawaida ampea-saa 14. Ukiwa na redio mbili, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), taa za mabawa, taa ya kutulia (ile ya kumulika njia wakati wa kutua) na vipimo vyote vimewashwa, unaweza kuwa unakula ampea 15 au zaidi. Kwenye karatasi hesabu hiyo haifiki saa moja. Kwa betri yenye umri, ambayo dakika chache kabla imezungusha stata, nusu saa ni bahati.

Na vitu havifi kwa pamoja. Kinachokula zaidi kinakufa kwanza. Redio kusikiliza inahitaji umeme kidogo, kutuma sauti inahitaji mwingi, kwa hiyo utaendelea kuwasikia wenzako wakati wao hawakusikii. Ndicho alichokiona kijana pale namba zilipofifia. Volti zikishuka zaidi, vipimo vya umeme vinalala.

Vipimo gani? Hapo ndipo 172 inapowadanganya watu, kwa sababu kwenye kundi lilelile la geji ndogo zilizopangwa pamoja, zenye sura moja, kuna zinazoishi kwa umeme na zisizouhitaji. Geji za mafuta ni za umeme: boya ndani ya tangi linapanda na kushuka, linabadilisha ukinzani wa waya, mshale unafuata. Umeme ukikata, mshale unalala kwenye tupu hata tangi likiwa limejaa hadi kifunikoni. Joto la oili nalo linapimwa kwa kitambuzi cha umeme. Lakini shinikizo la oili, geji ya pembeni yake tu, linaletwa na bomba jembamba lenye oili yenyewe kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya dashibodi. Oili ndiyo inayosukuma mshale. Geji mbili zinasema habari za oili ileile, moja inaletewa kwa waya na nyingine kwa bomba.

Kwenye zile geji kubwa mambo ni hayohayo. Mwendo, kimo na kasi ya kupanda vinatoka kwenye shinikizo la hewa ya nje. Upeo bandia na geji ya mwelekeo vina gurudumu ndani linalozungushwa na hewa inayofyonzwa na pampu, na pampu hiyo imefungwa nyuma ya injini. (Pampu hiyo nayo hufa siku yake, na ikifa picha inageuka: upeo bandia unalala polepole, kile kindege kinabaki hai. Watengenezaji walitenganisha vyanzo kwa makusudi ili rubani asipoteze vyote siku moja.) Kile kindege kinazungushwa na umeme.

Kwa hiyo kijana pale Saadani, bila kujua jina la ugonjwa, alikuwa na ushahidi wote mbele ya macho. Kila kilichokufa kina waya. Kila kilicho hai kina bomba, hewa au gia.

Saadani, Zanzibar, Dar au Tanga

Akachukua karatasi ya pajani. Lita 110 Tanga. Ndege hii inakula takriban lita 32 kwa saa. Ameruka kama dakika 35. Zimebaki lita 90 hivi, zaidi ya saa mbili na nusu za kuruka. Geji inasema sifuri, kijiti na saa vinasema 90. Akaamini kijiti.

Naomba msomaji apime uzito wa uamuzi huo. Angekuwa ameondoka Tanga kwa kutegemea geji peke yake, kama wafanyavyo wengi tangi likionekana "bado liko nusu", asingekuwa na kitu cha kupingana nayo. Angetua kwenye kiwanja cha changarawe katikati ya hifadhi, kama mnyama asingemzuia, na ndege ikiwa nzima.

Sasa aende wapi? Saadani iko karibu katikati ya safari. Dar na Tanga zilikuwa umbali unaokaribiana, kama dakika 30 kila upande. Zanzibar ilikuwa karibu kuliko zote mbili, lakini ni kuvuka bahari kwa injini moja, na kule ni uwanja wenye ndege nyingi kubwa. Dar nayo ina ndege kubwa, na yeye hana redio, wala hana transponda ya kutuma msimbo 7600 unaowaambia waongozaji kwamba mawasiliano yamekatika. Utaratibu wa kuingia uwanja mkubwa bila redio upo: unajiunga na mzunguko, unautazama mnara, unasubiri taa. Kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka ni wapishe wengine uendelee kuzunguka, nyekundu inayomweka ni usitue, uwanja si salama. Unajibu kwa kutikisa mabawa. Mtu anaweza kuufuata utaratibu huo vizuri. Lakini kama injini ni nzima, mafuta yapo na mchana bado mrefu, huna sababu ya kuwapa watu kazi hiyo kwenye uwanja wenye msongamano.

Akageuka kurudi Tanga. Kabla ya hapo alituma ujumbe wa simu kwa mwalimu wake: "Umeme umekufa. Injini nzima. Mafuta yapo. Narudi Tanga." Mwalimu akapiga simu Tanga. Najua kuna watakaosema simu hairuhusiwi angani. Mwalimu aliyekuwa akimsubiri Dar na kuona saa inapita hatakubaliana nao.

Pia alizima swichi kuu, nusu zote mbili, ya alterneta na ya betri. Nilimuuliza hakuogopa? Akasema, "Niliogopa, fundi. Nilishika rafadha kwa macho." Haikutokea kitu, wala haikutakiwa kutokea.

Kutua kulikuwa kwa kawaida kuliko yeye alivyotarajia. Alipita juu ya uwanja, akaangalia soksi ya upepo, akaangalia nani mwingine yuko hewani, akajiunga. Alipofika karibu aliiwasha betri ajaribu flapu, mota haikusogea. Kitabu cha ndege hii kinatoa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 65 hadi 75 kwa kutua bila flapu, akashika 70. Pua inakaa juu zaidi, ndege inateleza mbali kabla ya kugusa, na anayezoea kutua na flapu anaona ardhi inakuja kwa pembe asiyoijua. Usukani, pedali na trimu ni nyaya za chuma na fimbo tupu, kwa hiyo mikono yake haikuhisi tofauti yoyote. King'ora cha kuonya mwendo umepungua mno kilipiga kabla magurudumu hayajagusa, naye akashangaa kimetoka wapi umeme. Hakina umeme. Ni tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Bawa likiinuka sana hewa inafyonzwa kupitia tundu hilo na kupuliza kitu kama filimbi. Breki ni oili na nguvu ya miguu. Aliegesha, akavuta kishikio cha kukatia mafuta, injini ikazima.

Kilichokutwa

Nilifika Tanga na kisanduku changu. Mwanafunzi alikuwa pale na mwalimu wake. "Shikamoo fundi." Marahaba. Kulikuwa na mtu mmoja tayari ana mpango: wazungushe rafadha kwa mkono, injini iwake, alterneta itachaji njiani. Huo mpango una kasoro tatu. Kuzungusha rafadha kwa mkono kumekata watu mikono. Tatizo lenyewe halijajulikana. Na hata alterneta ingekuwa nzima, betri ikiwa tupu kabisa hakuna cha kuamsha ile koili, kwa hiyo ungeruka na injini nzuri na umeme sifuri, kama jana yake.

Nikafungua kifuniko cha injini. Mkanda upo, nikiubonyeza kwa dole gumba unarudi vizuri. Sakiti breka ya alterneta haijaruka. Waya mnene wa kutoa umeme umekazwa. Nikaushika waya wa fildi nyuma ya alterneta, nikauvuta kidogo sana, kama mtu anayepima uzi. Ukaja mkononi. Plastiki ya juu ilikuwa nzima, safi, ungeapa waya ni mzima. Ndani ya kishikizo chake shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na nyuzi zimekatika zote isipokuwa mbili tatu zilizong'aa, ambazo ndizo zilizokatika mwisho. Kishikizo chenyewe kilibaki kimefungwa kwenye alterneta kwa nati yake, kimekaza, hakina habari.

Kilichosababisha nikakiona sentimita chache mbele. Waya ulikuwa unaning'inia. Panatakiwa kuwa na kibanio kinachoushika karibu na alterneta ili mtikisiko wa injini usiishie kwenye kishikizo, kibanio hakikuwepo. Mtu aliyefanya kazi hapo zamani alikitoa na hakukirudisha. Chumvi ya pwani ikafanya iliyobaki.

Nikakata waya mpaka kwenye shaba yenye rangi yake, nikabana kishikizo kipya, nikafunga kibanio, betri ikachajiwa na kupimwa. Injini ikawaka, volti zikapanda hadi 28. Nikawasha taa ya kutulia. Mshale wa geji ya ampea ukashuka kidogo na kurudi katikati. Redio zikatuma, geji za mafuta zikasimama, joto la oili likapanda, flapu zikashuka zote. Mistari minne ya daftari nikaifunga kwa maelezo ya kazi moja.

Taa ambayo haikuzimika

Kuna swali ambalo mwalimu aliniuliza na ndilo lenye uzito kuliko waya: ndege hii ina taa nyekundu ya kuonya volti zimeshuka. Kwa nini kijana hakuiona ikiwaka?

Kwa sababu haikuanza kuwaka angani; ilikuwa imeshawaka tangu ardhini. Taa hiyo, ndege ikiwa inatembea ardhini kwa mizunguko midogo na vitu vingi vimewashwa, inaweza kuwaka bila kuwepo ubovu wowote; kitabu chenyewe kinasema hivyo. Ukiongeza mizunguko inatakiwa izimike. Wanafunzi wanaiona kila siku ikiwaka wakati wa kutoka maegesho, na macho yanaizoea. Nilimuuliza kijana kama anakumbuka kuiona ikizimika pale Tanga alipokuwa akijaribu injini kabla ya kuruka. Akafikiri muda mrefu. Hakumbuki. Anakumbuka alipandisha hadi 1,700, akajaribu magneto ya kushoto na ya kulia, mizunguko ikashuka ndani ya kiwango, akaridhika kwamba injini ni nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri.

Kwa hesabu yangu zile nyuzi za mwisho zilikatika wakati wa kuwasha injini Tanga au muda mfupi baadaye. Muda wa betri unakubaliana na hilo: kuwasha, kutembea ardhini, kisha kama dakika 25 hewani hadi redio kuishiwa. Taa ilikuwa inawaka muda wote, nyekundu ndogo kwenye mwanga mkali wa saa nane, na mshale wa ampea ulikuwa umelala upande wa kutoa.

Jaribio la kuikamata hitilafu hii ardhini ni la sekunde tano, nimelitaja hapo juu: mizunguko juu, washa taa ya kutulia, angalia mshale. Mshale ukibaki karibu na sifuri, alterneta inabeba mzigo. Ukilala upande wa kutoa na kubaki huko, betri ndiyo inayobeba, na wewe huendi popote.

Na kama angeiona hewani, tuseme juu ya Pangani saa 8:20? Kitabu kinamwambia azime redio, ahakikishe sakiti breka ya alterneta iko ndani, azime swichi kuu na kuiwasha tena. Wakati mwingine kidhibiti kimejikata chenyewe kwa sababu volti zilipanda mno, na kuzima na kuwasha kunakirudisha. Kwa waya uliokatika kusingesaidia. Hatua inayofuata ingesaidia: zima nusu ya alterneta, zima kila kisicho cha lazima, bakiza redio moja, na itumie kwa maneno machache. Betri yenye umeme wa kuongea dakika kadhaa ni tofauti kubwa na betri iliyomalizwa na taa ya kutulia mchana wa jua kali. Kijana angeita Tanga, angesema anarudi, angetua na flapu, na daftari lingekuwa na mstari mmoja.

Mwalimu wake tangu siku hiyo amebadilisha anavyouliza. Haulizi tena "nitajie vifaa vya mfumo wa umeme." Ndege ikiwa imeegeshwa, anamweka mwanafunzi kwenye kiti, anagusa geji moja baada ya nyingine na kuuliza: nikizima swichi kuu, hii inakufa? Mwanafunzi anayejibu yote bila kusita huwa tayari anajua ndege imejengwaje, hata kama majina mengine yamemponyoka.

Ndege nyingine, majibu mengine

Majibu ya 172P usiyachukue ukayabebesha ndege nyingine. Piper Cherokee ina bawa chini, mafuta yako chini ya injini, kwa hiyo kuna pampu inayoendeshwa na injini na nyingine ya umeme ya akiba. Umeme ukikata injini haizimi, ila ile akiba umeipoteza. Na onyo lake la mwendo kupungua ni la umeme, halitapiga.

172S zenye skrini za G1000 zinaweka geji karibu zote za injini kwenye kioo, pamoja na kipima mizunguko. Ndiyo maana zimepewa betri ya pili ya kubeba vitu vya lazima kwa muda, na geji chache za akiba pembeni. Rubani aliyezoea kulinganisha shinikizo la oili la bomba na joto la oili la waya hana tena cha kulinganisha. Vyote viwili vimekuwa waya.

Halafu kuna injini zinazoongozwa na kompyuta. Mwezi Machi 2007 kule Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli za Thielert iliwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri yake ilikuwa imeisha, ikaruka. Magurudumu yalipoanza kukunjwa, mota yake ilivuta umeme mwingi, volti zikaporomoka kwa muda mfupi sana, kompyuta za injini zikajizima na kuanza upya, na rafadha zote mbili zikasimama. Kwa rubani wa ndege ile, kuzima swichi kuu "ili kuhifadhi betri" kungekuwa kitu kingine kabisa na alichofanya kijana wetu juu ya Saadani.